Teen Titans ya 2003: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapenzi wa vibonzo waliokwisha kuwa watu wazima

Ukurasa huu ni wa mtu mzima anayesoma vibonzo vya mashujaa na ambaye ameipenda, au anahofia kuipenda, katuni ya Teen Titans iliyoonyeshwa na Cartoon Network nchini Marekani. Majibu mengine yanamwaga utamu wa hadithi. Pale yanapoumwaga wote, tumeonya kwanza.

Ni katuni gani hasa, na itanichukua muda gani kuimaliza?

Ilianza tarehe 19 Julai 2003 na kumalizika Januari 2006. Ina misimu mitano, kila msimu sehemu 13, jumla sehemu 65. Kila sehemu ni dakika 22 au 23, kwa hiyo yote ni kama saa 25. Ukiangalia sehemu mbili kila usiku baada ya kazi, utaimaliza kwa muda unaozidi mwezi kidogo tu. Baadaye, Septemba 2006, ilitoka filamu ya televisheni, Trouble in Tokyo, ambayo inafaa kuangaliwa mwisho kabisa.

Mtu aliyeipa sura yake ni Glen Murakami, aliyewahi kufanya kazi na Bruce Timm kwenye katuni za Batman na Superman za miaka ya 1990. Mashujaa ni watano: Robin, Starfire, Cyborg, Raven na Beast Boy. Wanaishi kwenye jengo lenye umbo la herufi T, juu ya kisiwa kidogo mbele ya jiji.

Je, hii ni anime?

Hapana, ukichukua neno hilo kwa maana ya katuni ya Kijapani. Hadithi iliandikwa Marekani, waigizaji wengi wa sauti ni wa Marekani, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchora miondoko ilifanywa na studio za Korea Kusini, kama ilivyo kwa katuni nyingi za Marekani. Ilichoazima Japani ni lugha ya picha: macho makubwa, mistari ya kasi nyuma ya mpiganaji, kusimamisha picha kabla ya pigo, na nyuso zinazobadilika umbo kwa ghafla.

Kuna wanaosema ni Marekani inayojifanya Japani. Sisi hatukubali. Lugha hiyo ya picha ina kazi mle ndani, na jibu linalofuata linaeleza kazi yenyewe.

Zile alama za jasho, mishipa na vichwa vikubwa zina maana gani? Zinanikera.

Zinamkera karibu kila mtu aliyelelewa na vibonzo vya Marekani, kwa sababu anazisoma kama mzaha uliopachikwa juu ya hadithi. Zisome kama alama za uandishi. Zimetoka kwenye manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ambako mchoraji hana sauti wala muziki wa kumsaidia, hivyo hisia lazima ionekane papo hapo.

Tone kubwa la jasho kwenye paji la uso ni aibu au kuishiwa maneno. Mshipa wenye umbo la msalaba kichwani ni hasira iliyobanwa. Macho yakigeuka meupe yasiyo na mboni huku mdomo ukiwa mkubwa kuliko uso, hiyo ni hasira iliyofumuka. Mhusika akianguka miguu juu, amesikia jambo la kipuuzi kupita kiasi. Na mwili mzima ukisinyaa hadi kichwa kikawa karibu nusu ya kimo, umbo ambalo Wajapani huliita chibi, mhusika amerudi utotoni kwa sekunde chache: anadeka, anabembeleza au amenuna.

Sasa angalia ni lini alama hizi zinatoweka. Katika sehemu nzito hakuna tone la jasho hata moja. Ukishazoea kuwaona watano hawa wakisinyaa na kuvimba kila dakika mbili, uso wa Robin unapobaki vilevile, umekakamaa, bila alama yoyote, unajua kuna jambo baya kabla hajafungua mdomo. Ndiyo sababu tunasema alama hizi zinafanya kazi hata pale zisipokuwepo.

Mfano bora uko katika "Haunted", msimu wa tatu. Robin amevuta vumbi lililokuwa kwenye barakoa ya zamani ya Slade, adui wake mkubwa, na anaanza kumwona Slade kila kona. Anapigana naye, anaumia, michubuko inaonekana mwilini. Wenzake hawaoni mtu. Sehemu nzima imechorwa kwa vivuli virefu na nyuso tulivu. Robin anaokoka kwa kugundua kwamba adui huyo huonekana gizani tu. Anawasha taa, na hakuna mtu chumbani. Sehemu hii ndiyo tunayompa mtu anayesema katuni ni ya watoto. Dakika zake 22 zinatosha.

Niiangalie kwa mpangilio upi?

Kwa mpangilio wa misimu, bila kuruka, isipokuwa mambo mawili.

Kwanza, orodha nyingine huanza na "Final Exam", iliyorushwa hewani kwanza, na nyingine huanza na "Divide and Conquer". Zote mbili ni za msimu wa kwanza na hakuna kitakachoharibika. Sisi tunapendelea "Divide and Conquer", kwa sababu ugomvi wa Robin na Cyborg unakuonyesha mapema kwamba hawa ni vijana wanaoishi nyumba moja na si jeshi.

Pili, katika msimu wa pili sehemu ya vichekesho iitwayo "Fractured" imewekwa katikati ya "Betrayal" na "Aftershock". Mtu akitoka kwenye machungu ya "Betrayal" na kukutana na kijana mfupi kutoka ulimwengu mwingine anayemwabudu Robin, hudhani amekosea faili. Hujakosea. Ukitaka hadithi itiririke, iangalie "Fractured" kabla ya "Betrayal". Ila usiiache, tutaeleza kwa nini kwenye swali la Robin.

Kila msimu una uzi wake: wa kwanza ni Robin na Slade, wa pili Terra, wa tatu Cyborg na adui yake Brother Blood, wa nne Raven na baba yake Trigon, wa tano Beast Boy na kundi la wahalifu liitwalo Brotherhood of Evil. Kama una wikendi moja tu, chukua msimu wa pili au wa nne.

Kwa nini wimbo wa mwanzo ni Kiingereza leo, Kijapani kesho?

Wimbo uliimbwa na Puffy AmiYumi, wanawake wawili wa Japani, na una matoleo mawili. Karibu kila mara, Kijapani kikisikika sehemu hiyo ni ya vichekesho, na Kiingereza ni kwa hadithi za kawaida na nzito. Ukishalijua hili, unajua tangu sekunde ya kwanza ukae mkao gani.

Nimesoma vibonzo vya Wolfman na Pérez. Nitakasirika?

Huenda, kwa sehemu tatu za mwanzo. Ukija na orodha ya vilivyobadilishwa, utaijaza. Kikosi cha 1980 cha Marv Wolfman na George Pérez kilikuwa na watu saba: Robin, Wonder Girl, Kid Flash, Cyborg, Starfire, Raven, na Changeling, ambaye ndiye Beast Boy kwa jina jingine. Katuni ina watano. Wonder Girl hayupo kwenye kikosi, na Kid Flash anakuja msimu wa tano tu. Starfire wa vibonzo aliwahi kuwa mtumwa, ana hasira za shujaa wa vita. Wa kwenye katuni ni mgeni mwenye furaha anayeongea Kiingereza cha kitabuni. Cyborg wa vibonzo ana ugomvi mzito na baba yake, ambao katuni karibu haiugusi.

Lakini tazama kilichobaki. Raven bado ni binti anayeogopa kwamba uovu wa baba yake uko ndani yake. Vibonzo vinalisema hilo kwa maneno mengi. Katuni, katika "Nevermore" ya msimu wa kwanza, inawaingiza Beast Boy na Cyborg ndani ya akili yake, ambako kila hisia ni Raven mwingine mwenye joho la rangi yake. Wa waridi anacheka, wa kijivu anaomba radhi, wa kijani anataka kupigana, na hasira imevaa nyekundu. Baada ya hapo huhitaji kuelezwa kwa nini yeye hujifungia chumbani.

Hukumu yetu ni hii: katuni ilichukua uchungu wa vibonzo vile na kuutafsiri kwa alama za Kijapani, badala ya kunakili matukio. Ukiitafuta nakala utaumia. Ukiisikiliza kama tafsiri, utaona imetafsiriwa na watu walioisoma hadithi ya awali kwa makini sana.

Terra wa katuni na Terra wa vibonzo: yupi bora? (Jibu hili linamwaga hadithi yote ya msimu wa pili.)

Hapa ndipo wasomaji wa zamani hubishana zaidi, na ni haki yao, maana "The Judas Contract" ya 1984 ni miongoni mwa hadithi zinazokumbukwa zaidi katika vibonzo vya kampuni ya DC.

Ubaya wa Terra wa vibonzo uko wazi. Ni msichana mdogo, ni mpelelezi wa Slade tangu siku ya kwanza, na Wolfman na Pérez walimuumba makusudi ili msomaji apumbazwe: ana tabasamu, ana meno makubwa ya mbele, anaonekana kama mdogo wako. Mwishoni hasira yake inaangusha miamba juu yake mwenyewe, na anakufa akiwachukia.

Terra wa katuni si muongo tangu mwanzo. Ana uwezo wa kuinua ardhi na hawezi kuutawala, na anaona aibu kuliko kitu chochote. Anamwambia Beast Boy siri hiyo, naye anaapa kunyamaza. Kisha Robin, kwa akili zake za upelelezi, anaigundua mwenyewe na kuitaja mbele yake. Terra anaamini Beast Boy amemsaliti, anakimbia, na Slade anampokea. Usaliti wote wa msimu unaanzia kwenye kosa hilo dogo la kutoelewana. Katika "Betrayal" anamtoa Beast Boy usiku kwenda bustani ya burudani, wanakaa kwenye ile bembea kubwa inayozunguka angani, na wakati huohuo maroboti ya Slade yanavamia jengo kwa sababu yeye ndiye aliyezima ulinzi.

Mwishoni Slade anamwendesha kupitia vazi alilomvisha, yeye anajinasua, anaizuia volkano kwa nguvu zake zote, na anageuka jiwe. Titans wanaweka kibao miguuni pa sanamu yake, wamemwandika kuwa Titan na rafiki wa kweli.

Kwa ukali wa hadithi, vibonzo vinashinda: vilithubutu kutompa toba. Kwa kumwelewa mtu anayekosea, katuni inashinda, na kwa mbali. Mtu mzima anayeijua aibu ya kushindwa kazi mbele ya watu atamwelewa Terra huyu kuliko kijana wa miaka 10 aliyekuwa akimwangalia mwaka 2004.

Robin huyu ni yupi kati ya Robin wote?

Dick Grayson, mmoja wa vijana waliowahi kuwa Robin kwenye vibonzo. Katuni hailitamki jina hilo waziwazi, ila imeacha alama tatu. Katika "How Long Is Forever?" Starfire anafika wakati ujao na kumkuta Robin akiwa Nightwing, jina alilochukua Dick kwenye vibonzo mwaka 1984. Katika "Fractured" yule kijana mfupi, Larry, anataja jina lake kamili, na ndani yake mna Nosyarg Kcid. Lisome kutoka nyuma. Na katika sehemu ya pili ya "Apprentice", Slade anapomwambia kwamba huenda akawa kama baba kwake, Robin anajibu kwamba baba tayari anaye, na popo wanapita kwenye picha. Jina la Batman, aliyemlea Dick, halitajwi.

Kwa nini Slade haitwi Deathstroke?

Katuni humwita Slade tu, jina lake halisi kwenye vibonzo, ambako jina lake la uhalifu ni Deathstroke. Jina lenye kifo ndani yake lingekaa vibaya katika kipindi cha watoto, na kusema kweli silabi moja kwa sauti nzito ya Ron Perlman inatisha zaidi. Uso wake halisi hatuuoni wazi.

Katuni imenifanya nivitake vibonzo. Nianze kununua kipi?

Soma hapa polepole, maana watu hupoteza pesa kwenye majina.

Hadithi inaanzia kwenye nyongeza fupi ndani ya DC Comics Presents toleo la 26, 1980, kisha The New Teen Titans toleo la 1 la mwaka huohuo. Slade anatokea toleo la 2. Mapambano ya kwanza na Trigon yako matoleo ya 4 hadi 6. Toleo la 8 halina vita kubwa, linafuata siku ya kawaida ya kila mmoja, na kwa mtu aliyetoka kwenye katuni ndilo la kuonja kwanza. Terra anaingia toleo la 26.

Sasa mtego. Kuanzia toleo la 41, kitabu kilekile kilibadilishwa jina kikawa Tales of the Teen Titans, namba zikaendelea. "The Judas Contract" iko Tales namba 42, 43 na 44, na inamalizikia kwenye Annual ya 3, toleo maalumu la mwaka. Mwaka huohuo wa 1984 kikaanzishwa kitabu kipya, kwa karatasi bora zaidi, kikaitwa tena The New Teen Titans na kuanza tena na namba 1. Kwa hiyo kuna "toleo la 1" mbili. Anayenunua la 1984 akidhani ni mwanzo anajikuta katikati ya hadithi ya pili ya Trigon bila kumjua mtu. Angalia mwaka kwenye ukurasa wa ndani kabla ya kulipa. Vilevile, kuanzia namba 60 Tales ilikuwa ikichapisha upya hadithi za kile kitabu kipya, kwa hiyo ukinunua vyote viwili unalipa mara mbili.

Kwa msomaji wa kawaida, kitabu kimoja kilichokusanya "The Judas Contract" kinatosha kuanzia, lakini hakikisha Annual ya 3 imo ndani. Bila hiyo unakosa mwisho.

Jambo moja la macho: kurasa za Pérez zimejaa. Picha 9 au 10 kwenye ukurasa mmoja, kila tofali limechorwa. Kwenye simu ndogo utachoka. Soma kwenye tableti au kitabu chenyewe.

Kuna pia vibonzo vya Teen Titans Go!, vilivyoanza mwaka 2003 vikifuata mtindo wa katuni hii, matoleo 55, vingi vikiandikwa na J. Torres na kuchorwa na Todd Nauck. Vyepesi, vizuri, na ni vya ulimwengu huuhuu wa 2003.

Hiyo Teen Titans Go! ndiyo ile ya kwenye televisheni?

Hapana. Ile ya televisheni ilianza 2013, ni vichekesho vitupu, kila sehemu kama dakika 11. Waigizaji wakuu watano wa sauti ni walewale, lakini hadithi haiendelezi ya 2003. Haifai kuilaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikukusudia kuwa. Mwaka 2019 vikosi vyote viwili vilikutanishwa katika filamu moja.

Naweza kuangalia na watoto wangu?

Nyingi, ndiyo. Kwa mtoto anayeogopa giza, tangulia wewe mwenyewe kuangalia "Fear Itself", "Haunted", "Birthmark" na sehemu tatu za "The End". Katika "Birthmark" Slade anamwandama Raven siku ya kuzaliwa kwake, na alama nyekundu zinawaka mwilini mwa msichana huyo. Watu wazima pia hukaa kimya.

Inakula bando kiasi gani?

Kwa picha ya kawaida inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde, sehemu ya dakika 23 hula takriban MB 170, na sehemu zote 65 ni kama GB 11. Picha ya ubora wa juu sana haikuongezei mengi hapa, maana michoro yenyewe ina mistari minene na rangi bapa. Nyuso zikionekana zimevutwa kwa upana, televisheni yako inatanua picha iliyotengenezwa kwa kioo cha zamani: ingia kwenye mipangilio ya picha uchague 4:3.

Nataka kuchora kwa mtindo huu. Wapi watu hukosea?

Hukosea kwa kuanza na macho. Anza na kivuli cha mwili. Chukua penseli ya HB, karatasi ya A4, chora umbo zima la mhusika kama doa moja jeusi, refu kama sentimita 12. Kama humtambui kwa doa hilo pekee, joho la Raven, mabega mapana ya Cyborg, nywele za miiba za Robin, basi mistari ya ndani haitakuokoa.

Kisha gawa kimo kwa vichwa. Kwa umbo la kawaida, tumia vichwa 6. Cyborg mwongeze upana wa mabega kabla ya kumwongeza kimo. Kwa umbo la chibi tumia vichwa 2 hadi 2 na nusu, na ufute shingo kabisa. Kosa la kawaida ni vichwa 4: hapo mhusika haonekani mkubwa wala mdogo, anaonekana mgonjwa.

Mistari iwe na kona. Kiwiko, goti na kidevu vikatwe kwa pembe, kisha upande wa pili wa kiungo uwe mkunjo laini. Ukikunja pande zote mbili unapata mpira, ukizikata zote unapata sanduku. Tone la jasho ni la mwisho, moja tu, upande wa kichwa ulio mbali na mdomo. Mawili yakishawekwa, uso haueleweki.

Red X ni nani?

Vazi lilitengenezwa na Robin mwenyewe katika "Masks", msimu wa kwanza. Katika "X" ya msimu wa tatu mtu mwingine ameliiba, na katuni inaisha bila kumtaja. Majina mengi utakayoyasikia ni makisio ya mashabiki.

Kwa nini watu wanagombania sehemu ya mwisho? (Inamwaga mwisho wa katuni.)

"Things Change" inakuja baada ya vita kubwa kuliko zote, na wengi walitaka imalizie hapo. Badala yake Titans wanarudi mjini na kukuta duka walilozoea limefungwa, na Beast Boy anamwona msichana anayefanana kabisa na Terra, akiwa na sare ya shule. Sanamu imetoweka mahali pake. Shule inaitwa Murakami. Beast Boy anamfuata, anamwonyesha jengo lao, anamtupia tope akitumaini atalizuia kwa uwezo wake wa zamani, na tope linampiga tu. Msichana hakubali kwamba ni Terra. Anachomwambia ni kwamba yule anayemtafuta amebaki kumbukumbu.

Wanaoichukia wanataka jibu: ni yeye au siye? Sisi tunaamini ni yeye, kwa jinsi anavyomtazama kabla ya kugeuka, na kwamba ameyachagua maisha ya mtihani na kazi za shule. Kengele inalia, anamezwa na kundi la wanafunzi kwenye korido. Wenzake wako vitani upande mwingine wa jiji. Beast Boy anachukua redio yake, anamwambia Robin yuko njiani, na anaanza kukimbia.